Hak milik haikuwa haki yangu: miaka yangu katika kijiji cha pwani ya Java

Nina risiti moja nimeiweka pamoja na pasipoti yangu. Ni ya rupia milioni 40 za Indonesia, kama shilingi milioni 6 na nusu za Tanzania kwa wakati ule, na imebandikwa stempu ya rupia 6,000 yenye sahihi juu yake. Aliyesaini aliniuzia ardhi ambayo hakuwa na mamlaka ya kuiuza peke yake. Mimi niliyelipa sikuruhusiwa na sheria kuinunua. Makosa yote mawili yamekaa kwenye karatasi isiyozidi kiganja.

Naandika kwa sababu ya ujumbe ninaoletewa. Jamaa zangu wa Pangani na Tanga, na wale tulioishi nao Muscat, wakiona picha ya ufukwe wa huku wanauliza bei ya kiwanja hata kabla ya kunijulia hali. Nimekuwa nikiwajibu kwa sauti fupifupi za simu, na kila mara nusu ya maneno yanabaki kifuani. Leo nayasema yote.

Mke wangu ni Msunda wa wilaya ya Pangandaran, kusini mwa Java Magharibi. Tulikutana Muscat, mimi dereva, yeye fundi cherehani. Mwaka 2018 tulifunga ndoa kwao, mbele ya ofisi ya mambo ya dini wanayoiita KUA, baada ya kuhangaikia barua ya ubalozi ya kuthibitisha kwamba sina kizuizi cha kuoa. Yeye akarudi Oman kumalizia mkataba wake. Mimi mapema 2019 nikatangulia kijijini na akiba yetu sote wawili. Tulikubaliana niangalie tu. Lakini moyoni nilitaka siku atakayoshuka kwenye basi nimshike mkono nimpeleke moja kwa moja kwenye kiwanja chake. Hasara yote niliyoipata ilianzia hapo.

Kijiji sitakitaja jina. Bahari yake ni hii hii ya Hindi, ila kusini mwa Java haina mwamba wa kuivunja kasi, mawimbi yanafika na hasira zao zote. Mashua zina matengo ya mianzi kama ngalawa zetu. Asubuhi watu wanavuta wavu mrefu kutoka ufukweni, safu mbili, wazee kwa watoto, na ukishika kamba nao hukosi samaki wawili watatu wa kwenda nao nyumbani. Nyuma ya ufukwe ni minazi, nyuma ya minazi mashamba ya mpunga. Baba mkwe, tunamwita Abah, ni mgema. Kila alfajiri anapanda na vibuyu vya mianzi, ila tembo lake halifiki hatua ya kulewesha: linachemshwa likiwa bichi mpaka ligeuke sukari nyekundu, ikamiminwa kwenye vifuu. Mara ya kwanza kuiona kazi ile nilikaa jikoni hadi adhuhuri nikimwangalia mama mkwe akikoroga.

Mlangoni wanapiga hodi kwa kusema "punten", wanajibiwa "mangga". Sala ni kwa madhehebu ya Shafii kama kwetu. Maiti anasomewa, jirani anapelekewa sahani. Siku ya kazi ya pamoja wanaiita gotong royong, na mtu wa Tanga akiiona atasema ni msaragambo. Na lugha! Bendera ni bendera. Meza ni meja, karatasi ni kertas, sabuni ni sabun, wakati ni waktu. Habari ni kabar. Nilijiona nimefika nyumbani kabla sijajifunza chochote.

Na ndipo nilipokutana na neno hak milik. Nani kati yetu asingelielewa? Haki ya kumiliki. Na ahli waris si ni warithi? Kwa kuwa neno nililijua, sikuuliza linabeba nini ndani yake.

Dalali alikuja wiki ya tatu, na jamaa mmoja wa mbali wa ukoo wa mke wangu. Kiwanja kilikuwa hatua chache kutoka mchangani, bata 60. Usishangae, huku bata si ndege, ni kipimo cha ardhi cha Wasunda, kama mita za mraba 14. Dalali alitaja bei kwa bata, mimi nikapiga hesabu nikidhani ni eneo kubwa zaidi, na siku tatu nzima niliamini nimepata shamba. Nilipopima kwa hatua ndipo nikajua ni mita 840. Hapo tu ningesimama. Badala yake nilijiambia kwamba hata hivyo si kidogo, ufukweni.

Karatasi niliyoonyeshwa ilikuwa nakala ya daftari la kijiji, wenyewe wanaita letter C, pamoja na stakabadhi za kodi ya ardhi za miaka kadhaa. Zilikuwa na mihuri, zilikuwa na jina. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hizo zinaonyesha nani amekuwa akilipa kodi, wala hazithibitishi umiliki. Hati halisi ni ile ya wakala wa taifa wa ardhi, BPN, yenye namba na ramani ya kipimo. Vijijini maeneo mengi yamepata hati hivi karibuni tu, kwa mpango wa serikali wa kupima vijiji kwa jumla, na mengine bado.

Nikauliza: mimi mgeni, itakuwaje? Dalali akasema jambo dogo, tutaazima jina. Pinjam nama. Ardhi ingeandikwa jina la yule jamaa, mimi ningebaki na barua ya pembeni ya kusema kwamba fedha ni zangu. Alisema wageni wengi wanafanya hivyo. Hilo ni kweli, wengi wanafanya. Nikatoa advansi ya milioni 40.

Ninachokionea haya mpaka leo ni hiki. Mimi ni Mtanzania. Najua kwamba kwetu, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Nimewaona kwa macho yangu wageni Pangani wakijenga kwa jina la rafiki, na nimesikia wazee wakisema watakuja kulia. Nilipovuka bahari nikasahau kwamba sasa mgeni ni mimi.

Mke wangu aliporudi, mwezi Julai, nilimpeleka kiwanjani kama nilivyopanga. Alisimama akatazama minazi, akauliza swali moja: "Ceu fulani amesaini?" Ceu kwa Kisunda ni dada mkubwa. Nikamuuliza huyo Ceu ni nani. Akaniambia ardhi ile ni ya marehemu babu yao fulani, warithi ni saba, na mmoja yuko Saudia miaka mingi. Aliyepokea fedha zangu alikuwa mmoja wa hao saba. Mke wangu hakunigombeza. Alikaa chini ya mnazi, akasema, "Ungenipigia simu tu." Maneno hayo yaliniuma kuliko zile milioni 40.

Kesho yake tulikwenda mjini kwa ofisa wa kuandika hati za mauzo ya ardhi, anaitwa PPAT, mara nyingi ndiye huyo huyo notari. Mama wa makamo, mpole. Ada yake kwa mauzo kisheria haizidi asilimia 1 ya bei, lakini siku hiyo hakututoza chochote. Alifungua sheria ya msingi ya ardhi, ya mwaka 1960, akatusomea polepole. Hak milik ni ya raia wa Indonesia. Uuzaji wowote wenye lengo la kumpa mgeni ardhi hiyo, kwa njia ya wazi au ya kuzunguka, ni batili. Ardhi inaangukia serikalini, na fedha zilizolipwa hazidaiwi tena. Hilo la mwisho nilimwomba alirudie.

Kisha akamgeukia mke wangu. "Na wewe dada, mna mkataba wa kutenganisha mali?" Hatukuwa nao. Kwa sheria ya ndoa ya 1974, mali inayopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Maana yake akinunua yeye, nusu inahesabiwa ya mume, na mume ni mgeni. Mke wangu, mzaliwa wa kijiji kile, binti wa mgema wa kijiji kile, asingeweza kuandikishwa hak milik mpya kwa sababu ameolewa na mimi. Aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Halafu machozi yakamtoka pale ofisini, na mimi sikujua nitazame wapi.

Mlango ulikuwepo. Zamani mkataba huo ulipaswa kufanywa kabla ya ndoa tu. Mwanamke mmoja wa Kiindonesia aliyeolewa na Mjapani alikataliwa nyumba aliyokuwa amelipia, akaenda Mahakama ya Katiba, na Oktoba 2016 mahakama ikaamua kwamba wanandoa wanaweza kuuandika hata wakiwa tayari ndani ya ndoa. Simjui mama huyo ana kwa ana, lakini nyumba ninayolala imesimama juu ya hukumu yake. Tuliandika mkataba kwa notari, tukausajili KUA tulikofungia ndoa. Gharama zote na nauli zilifika rupia milioni 4 na ushee. Kama umeoa au umeolewa huku, hilo ndilo liwe la kwanza, kabla ya kutazama kiwanja chochote. Na kama bado, uandikeni kabla ya akdi, mjiepushe na safari.

Kuhusu ile advansi, kila mtu mjini aliniambia niende polisi. Abah alikataa. Akasema tukienda polisi tutapata au tutakosa fedha, lakini tutakuwa tumepoteza watu, na hapa ndipo mtakapozikwa. Kikaitwa kikao nyumbani kwa kepala dusun, mkuu wa kitongoji: musyawarah, mashauri kwa lugha yetu. Tulikaa mkekani tangu baada ya isha hadi karibu saa sita usiku. Hakuna aliyepaza sauti. Yule bwana aliyepokea fedha zangu alikiri, akasema nusu amelipia matibabu na nyingine mashine ya mashua. Alikubali kurudisha kidogo kidogo. Kwa miezi 14 nilipata milioni 25. Zile 15 nilizisamehe mbele ya mashahidi, na siku hizi tukikutana msikitini tunapeana mikono. Nilitamani sana ziwe zote. Tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya paa.

Kiwanja tulichonunua hatimaye, mwishoni mwa 2020, ni bata 30 tu, mita 420, nyuma ya barabara, kwenye mwinuko. Kina hati. PPAT aliipeleka ofisi ya ardhi ya wilaya kukaguliwa kama ni halisi na haina rehani wala kesi, kisha mpima akaja, majirani wa pande zote nne wakashuhudia bikoni. Mke wangu alilipa kodi ya mnunuzi, asilimia 5 ya thamani baada ya kutoa kiwango kisichotozwa, na muuzaji akalipa yake, asilimia 2.5. Wauzaji wa vijijini wengi hupenda kusema bei waliyotaja ni "safi", yaani kodi yao nayo uibebe wewe. Liulize kabla ya kupeana mkono. Mimi sikusaini kama mnunuzi. Jina langu halimo.

Ufukweni nisingejenga hata ningepewa bure, na si kwa sheria peke yake, ingawa sheria nayo ipo: ukanda wa pwani wa kuachwa wazi ni mita 100 tangu maji yanapofikia yakijaa kabisa. Sisi kwetu ni 60. Kile kiwanja cha kwanza, zaidi ya nusu yake ilikuwa ndani ya ukanda huo. Sababu kubwa ni tarehe 17 Julai 2006. Siku hiyo alasiri, tetemeko la ukubwa wa 7.7 lilitokea baharini kusini mwa hapa. Wengi kijijini wananiambia hawakulisikia, au walilisikia kama lori linapita mbali. Kisha bahari ikaja. Walikufa zaidi ya watu 600 kwenye pwani hii. Bibi anayeuza samaki jirani yetu alimpoteza mdogo wake aliyekuwa anaanua samaki wa kukausha, na mpaka leo bahari ikitulia kupita kawaida hatulii yeye. Wimbi la Aceh la Desemba 2004 lilifika mpaka kwetu Afrika Mashariki likaua watu, lakini sisi tulisahau upesi. Huku kuna mabango ya njia ya kukimbilia, na watoto wanafundishwa ishirini mara tatu: mtikisiko ukidumu sekunde 20, jihesabie una dakika 20, panda juu mita 20. Kabla hujapenda mandhari ya kiwanja, tembea kwa miguu kutoka hapo hadi kilimani ukiwa na mtoto mgongoni na saa mkononi. Mimi nilifanya hivyo kwa viwanja vinne. Viwili nilivikataa kwa saa tu.

Maisha yenyewe si ghali, ila yana kodi ya chumvi. Mabati ya jiko yalitoboka mwaka wa tatu, pikipiki inaliwa fremu, kitasa kinaganda. Mchwa wakamaliza mlango wa mnazi. Vigae vya udongo juu ya paa, ndivyo wanavyotumia wenyeji, na wana sababu. Kisima cha kwanza tulikichimba kiangazi, maji yakatoka matamu. Oktoba yakageuka ya chumvi. Muulize jirani ladha ya kisima chake mwishoni mwa kiangazi, si siku ya mvua. Umeme ni wa kununua kama LUKU, na mita ikikaribia kwisha inalia mpaka jirani anakuja kukukumbusha. Kituo cha afya, puskesmas, ni kizuri kwa homa na chanjo. Kwa jambo kubwa ni safari ndefu, nasi tuliionja usiku mke wangu alipopata uchungu, barabara ya kona tupu na mvua.

Kipato ndipo wengi wanapodanganyika. Samaki ni wa msimu: upepo wa magharibi ukianza, kama Desemba hivi, mashua zinavutwa juu na kijiji kinakopa dukani. Nilikuja na ndoto ya vyumba vya wageni. Mgeni hawezi kufungua biashara kwa jina lake hivi hivi. Kampuni ya mtaji wa kigeni inadaiwa mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10. Mwenzi wa raia anaruhusiwa kufanya kazi ya kujikimu na familia, na kibali changu cha kukaa kinadhaminiwa na mke wangu. Kwa hiyo biashara ni yake: vyumba viwili na cherehani, na sukari ya Abah inayofungwa vizuri na kuuzwa kwa wapita njia. Mwaka 2020 na 2021 hakuja mgeni hata mmoja. Tulikula akiba na samaki wa kuvuta kamba.

Je, ardhi itapanda bei? Madalali wana wimbo wao. Reli ya zamani ya kutoka Banjar kupitia Pangandaran hadi Cijulang ilifungwa miaka ya 1980, na tangu nilipofika nimeambiwa inafufuliwa kesho. Uwanja mdogo wa ndege wa Nusawiru upo, utapanuliwa, wanasema. Wananitajia Susi Pudjiastuti, aliyeanza kwa kuuza samaki hapa Pangandaran akawa mwenye kampuni ya ndege na waziri wa uvuvi, kana kwamba aliinuliwa na bei ya viwanja. Usinunue ahadi. Tena angalia sana vipande vilivyonyooka na vyembamba vinavyouzwa rahisi: vingine ni njia ile ile ya reli, na shirika la reli halijaisahau. Jirani yangu mmoja alinunua ardhi karibu na ufukwe mwaka niliofika, anataka kuuza tangu miaka mitatu iliyopita, na hajapata mteja kwa bei aliyonunulia. Viwanja vya Batu Karas, kwenye watelezaji wa mawimbi, ni habari nyingine, na bei zake si za dereva wa Muscat.

Anayetaka kuonja maisha ya huku namwambia akodi. Mgeni anaruhusiwa kukodi, na mkataba wa mwaka mmoja kwa nyumba ya kijijini ni mdogo kuliko fedha nilizozisamehe pale mkekani. Ipo pia hak pakai, haki ya kutumia, ya miaka 30, ikaongezwa 20, ikafanywa upya 30, kwa mgeni mwenye kibali cha kukaa. Lakini nyumba yenyewe inatakiwa ifikie bei ya chini iliyopangwa kwa kila mkoa, na za kijijini kwetu hazifiki huko. Na ukifika, siku hiyo hiyo nenda na pasipoti kwa mwenyekiti wa RT, yaani wa kundi la nyumba za jirani, ujitambulishe. Usisubiri aje yeye.

Lililobaki kwangu ni gumu zaidi, na sijalimaliza. Tuna binti, ana miaka minne. Anazungumza Kisunda na nyanya yake, Kiswahili na mimi. Indonesia inamruhusu uraia wa nchi mbili mpaka afikishe miaka 18, na kufikia 21 awe amechagua. Sheria ile ya 1960 haimpi hak milik mtu ambaye bado ana uraia wa pili. Na mimi, mke wangu akitangulia, nikirithi nina mwaka mmoja tu wa kuiachia ardhi hii. Tulilizungumza jambo hili mwezi uliopita jikoni, sukari ikichemka, na Abah alisikiliza bila kusema neno. Baadaye alinichukua nje akanionyesha minazi mitano aliyoipanda mpakani siku binti alipozaliwa. Alisema itaanza kugemwa kabla hajafika umri wa kuchagua.

Jumatatu tuna miadi kwa yule mama notari, kuulizia wosia. Safari hii tunakwenda wote watatu.